Samaki aliyeuzwa kabla ya kupewa jina: jenasi ya Cirrhilabrus katika Bahari ya Hindi

Mwezi Machi mwaka 2022 jarida la kisayansi la ZooKeys lilichapisha maelezo ya samaki mdogo wa miamba ya Maldives, mwenye rangi ya waridi kichwani na zambarau iliyokolea mgongoni. Alipewa jina Cirrhilabrus finifenmaa. Neno finifenmaa ni la lugha ya Kidhivehi, nalo lina maana ya waridi, ua la taifa la visiwa hivyo. Miongoni mwa waandishi wa maelezo hayo alikuwamo Ahmed Najeeb, mtafiti wa Maldives. Kabla yake, samaki wote wa visiwa hivyo waliofahamika kwa sayansi walikuwa wameelezwa na wageni. Yeye ndiye mzalendo wa kwanza kuandika maelezo rasmi ya spishi mpya kutoka maji ya kwao.

Habari hiyo ilienea duniani kwa sababu ya uzuri wa samaki mwenyewe na kwa heshima ya jina lake. Jambo zito zaidi lilitajwa kwa maneno machache tu: samaki huyo hakuwa mgeni machoni pa wafanyabiashara. Watafiti walikuwa wamemkusanya tangu miaka ya 1990, na wauzaji wa samaki wa mapambo walikuwa wakimvua, wakimfunga katika mifuko ya maji na kumsafirisha kwenda kuwekwa ndani ya matangi ya vioo ughaibuni. Muda wote huo aliuzwa kwa jina la samaki mwingine.

Kosa la aina hiyo si la Maldives peke yake. Limefuatana na jenasi nzima ya Cirrhilabrus, na pwani ya Afrika Mashariki nayo imeguswa.

Ndugu wadogo wa pono

Cirrhilabrus ni jenasi ya familia ya Labridae, jamaa wa karibu sana wa pono anayejulikana katika masoko yote ya samaki kutoka Lamu hadi Mtwara. Ni jamaa wa karibu kiasi kwamba wataalamu wengi hivi sasa huwahesabu pono kuwa tawi la familia hiyo hiyo. Hata hivyo, aliyezoea kumwona pono juu ya meza ya muuza samaki hatautambua udugu huo kwa jicho. Pono ni mkubwa, mwenye meno mfano wa mdomo wa kasuku, hutafuna mwamba. Cirrhilabrus wengi hawafiki urefu wa sentimita 15, midomo yao ni midogo, nao hula viumbe wadogo mno wanaoelea majini. Huishi makundi kwa makundi pembezoni mwa miamba ya matumbawe, hasa pale penye vifusi vya matumbawe yaliyovunjika, mahali ambapo kila mmoja anaweza kujitupa ndani ya upenyo mara hatari inapotokea. Usiku hulala ndani ya ute wanaoutoa wenyewe na kujizungushia, tabia inayoonekana kwa pono pia.

Kwa Kiswahili hawana jina la pekee, wala si ajabu. Lugha ya pwani ina utajiri mkubwa wa majina ya samaki, lakini utajiri huo umefuata chungu na soko: changu, tasi, chewa, kolekole, nguru, jodari. Samaki asiyejaza kiganja, anayeishi kina ambacho nyavu na ndoana hazimfuati, hakuwa na sababu ya kutajwa. Kiingereza nacho kiliwapa jina la mapambo kwa kuwafananisha na viumbe wa hadithi za watoto wenye mabawa, lakini ni jina lililotoka kwa wapiga mbizi na wafugaji wa samaki. Halikutoka kwa wavuvi.

Hadi wakati wa uchunguzi mkubwa wa vinasaba uliochapishwa katika jarida la Systematic Biology, spishi 61 za jenasi hii zilikuwa zimeshaelezwa, takriban moja ya kumi ya familia nzima. Zimetapakaa kutoka Bahari ya Shamu na pwani ya Afrika hadi visiwa vya kati vya Bahari ya Pasifiki. Idadi hiyo imeongezeka tangu hapo, na si jambo la kushangaza tena kusikia kwamba mwaka umepita na spishi nyingine imeingizwa katika orodha.

Jenasi iliyozaliwa bila spishi

Historia ya jina lenyewe ilianza kwa namna isiyo ya kawaida. Mwaka 1845, wanazuoni wa Uholanzi Temminck na Schlegel walilitangaza jina Cirrhilabrus katika kitabu chao kikubwa kuhusu wanyama wa Japani, lakini hawakuweka chini yake spishi hata moja. Ilikuwa mfano wa nyumba iliyojengwa ikakosa mpangaji. Mwaka 1853 ndipo Pieter Bleeker, daktari wa jeshi la Uholanzi aliyekuwa akifanya kazi Batavia, mji unaoitwa sasa Jakarta, alipomtaja Cirrhilabrus temminckii. Kwa kanuni za kimataifa za kuwapa wanyama majina, spishi hiyo ndiyo nguzo ya jenasi nzima: yeyote anayetaka kudai kwamba samaki fulani ni Cirrhilabrus, hana budi kuonyesha undugu wake na temminckii.

Kwa miaka mia moja iliyofuata, orodha ilirefuka polepole. Mwaka 1957 J.L.B. Smith wa Afrika Kusini, yule yule aliyemtambulisha silikanti kwa ulimwengu mwaka 1939, alimweleza Cirrhilabrus exquisitus, samaki anayepatikana kuanzia pwani ya Afrika Mashariki hadi mbali ndani ya Pasifiki. Smith alisafiri mara nyingi kati ya Msumbiji, Zanzibar na Kenya kukusanya samaki, mara nyingine kwa kutumia baruti chini ya maji, njia ambayo leo ingemfikisha mahakamani, ilhali mkewe Margaret akichora picha zake nyingi kwa mkono. Bila ya picha za namna hiyo, rangi za samaki aliyekufa hupotea zisionekane tena.

Kasi ilibadilika baada ya vifaa vya kupigia mbizi kuenea. Mtaalamu anayetajwa zaidi katika kipindi hicho ni John E. Randall wa Hawaii, aliyefariki dunia mwaka 2020 akiwa na umri wa miaka 95, baada ya kueleza zaidi ya spishi 800 za samaki katika maisha yake. Randall alikuwa na desturi ya kumpiga picha kila samaki akiwa bado mbichi, mapezi yakiwa yametandazwa. Kwa Cirrhilabrus desturi hiyo ilikuwa ya lazima, kwa kuwa rangi ndiyo hoja kuu ya kuwatenganisha.

Dume hutambulikana, jike hufichika

Ugumu wa kuwaainisha unaanzia hapo. Madume waliokomaa huwa na rangi zinazotofautiana wazi kati ya spishi na spishi, na wanapowachumbia majike huzing'arisha ghafla, huku wakisimamisha mapezi. Majike na vijana, kinyume chake, hufanana mno. Wengi wao ni wekundu au rangi ya machungwa, wengine wana doa jeusi karibu na mkia, na jike wa spishi moja anaweza kuwekwa kando ya jike wa nyingine asitenganishwe hata na mtu mwenye uzoefu.

Zaidi ya hayo, samaki hawa huanza maisha yao wakiwa majike. Dume anayelitawala kundi anapotoweka, jike aliye mkubwa hubadilika kuwa dume, viungo vya ndani pamoja na rangi. Kwa sababu hiyo samaki mmoja huweza kuwa na sura tatu katika maisha yake: ya kijana, ya jike na ya dume, na kati yake zipo sura za mpito. Mtafiti aliyepata sampuli mbili zenye rangi tofauti hana hakika kama ameshika spishi mbili au umri wa namna mbili wa spishi moja.

Ndani ya chupa ya makumbusho hali huwa mbaya zaidi. Pombe na dawa za kuhifadhia huondoa rangi, na baada ya miaka michache samaki wote huwa na weupe wa kufanana. Kinachobaki ni hesabu: idadi ya magamba kwenye mstari wa ubavuni, urefu wa miiba ya pezi la mgongoni, idadi ya vijiti vya kila pezi. Hesabu hizo husaidia, lakini katika jenasi hii tofauti kati ya spishi jirani mara nyingi ni ndogo mno.

Kijana mmoja kutoka Chagos

Kisa cha waridi wa Maldives kinaeleweka vizuri zaidi kwa kurudi nyuma hadi mwaka 1983. Mwaka huo Randall na Emery walimweleza Cirrhilabrus rubrisquamis, jina lenye maana ya magamba mekundu, kutoka visiwa vya Chagos vilivyo kusini mwa Maldives, ambavyo Mauritius imevidai kwa miaka mingi kutoka kwa Uingereza. Maelezo hayo yaliegemea sampuli moja tu, nayo ilikuwa ya samaki kijana.

Kwa kanuni za taksonomia, sampuli moja inatosha. Samaki huyo mmoja huwa kielelezo cha kudumu, na jina hubaki naye. Tatizo ni kwamba kijana hasemi dume wake atakuwaje. Kwa hiyo, wapiga mbizi walipokutana huko Maldives na madume wenye rangi ya kupendeza ambao hawakufanana na spishi yoyote iliyoelezwa, dhana rahisi ilikuwa kwamba hao ndio rubrisquamis waliokomaa. Dhana ikaandikwa vitabuni, vitabu vikanakiliana, na wauzaji wakaifuata. Hakuna aliyesema uongo. Kila mmoja alimwamini aliyemtangulia.

Ilipofika wakati wa Najeeb na wenzake, wakiwamo Yi-Kai Tea wa Australia na Luiz Rocha wa Chuo cha Sayansi cha California, kazi ilikuwa kuwalinganisha watu wazima kwa vijana, wa Maldives na wa Chagos, kwa rangi, kwa urefu wa miiba ya pezi la mgongoni, kwa hesabu ya magamba na kwa vinasaba. Matokeo yalionyesha kwamba ni spishi mbili. Yule wa Maldives, anayepatikana kati ya kina cha mita 40 na 70, alistahili jina lake mwenyewe.

Tokeo la pili halikupewa uzito magazetini, ingawa kwa uhifadhi huenda ndilo kubwa. Mara tu samaki wa Maldives walipoondolewa katika hesabu ya rubrisquamis, eneo la makazi la spishi hiyo lilipungua kwa kiasi kikubwa. Samaki aliyedhaniwa kuenea kote katika visiwa vya kati vya Bahari ya Hindi akawa mkazi wa sehemu ndogo.

Wakanda ya Zanzibar

Ndugu wa tatu wa kikundi hicho alikuwa amekwisha kutangazwa mwaka 2019, naye ni jirani wa karibu zaidi. Tea, Rocha na wenzao walimpata mashariki mwa Zanzibar, katika miamba iliyo kwenye kina cha zaidi ya mita 50, ukanda ambao mwanga wa jua hufika kwa uhafifu. Wapiga mbizi wa kawaida hawafiki huko. Watafiti hao walitumia vifaa vinavyosafisha hewa iliyokwisha kuvutwa na kuirudisha kwa mpiga mbizi, ili aweze kukaa muda mrefu zaidi bila ya kutoa mapovu yanayowatisha samaki.

Walimwita Cirrhilabrus wakanda, kwa kumbukumbu ya nchi ya kubuniwa iliyojificha katika hadithi na filamu ya Black Panther. Waandishi walieleza kwamba miamba ya kina kirefu ya Afrika Mashariki nayo imefichika kwa namna hiyo hiyo, yaani ipo, ina utajiri, lakini haijachunguzwa. Magamba yake yana michoro ya zambarau iliyounganika mfano wa pingu za mnyororo, na jambo lililowashangaza ni kwamba rangi hiyo haikutoweka samaki alipowekwa kwenye dawa, tofauti na ilivyo kwa samaki wengi wa aina yake. Huenda baadhi ya wasomaji wa Unguja wangependelea jina lililochukuliwa kutoka Kizimkazi au Makunduchi badala ya Hollywood. Watu wa Maldives walipata waridi lao kwa lugha yao. Lakini kanuni haimlazimishi mgunduzi kutafuta jina kwa wenyeji, na jina likishachapishwa halibadilishwi kwa sababu ya ladha.

Mwafrika aliyejificha ndani ya jina la Bahari ya Shamu

Kisa kingine kinachoigusa pwani hii ni cha mwaka 2016. Kwa muda mrefu samaki wenye pezi la mgongoni lenye nyuzi ndefu mbele, waliopatikana Kenya na kusini yake, walichukuliwa kuwa Cirrhilabrus rubriventralis, spishi ya Bahari ya Shamu iliyoelezwa mwaka 1974. Wengine kutoka Sri Lanka waliitwa kwa jina hilo hilo. Benjamin Victor alipolinganisha vinasaba na rangi za madume, alikuta kwamba jina moja lilikuwa limefunika zaidi ya spishi moja. Wa Afrika Mashariki akawa Cirrhilabrus africanus, na wa Sri Lanka akawa Cirrhilabrus rubeus. Rubriventralis akarudishwa kwenye Bahari ya Shamu alikotoka.

Mgawanyo wa namna hiyo una sababu ya kijiografia. Uchunguzi wa vinasaba uliotajwa hapo juu, ulioongozwa na Tea na kutumia vipande 991 vya vinasaba, ulionyesha kwamba jenasi hii ilichipuka katika eneo la bahari kati ya Indonesia, Ufilipino na Papua Guinea Mpya, linaloitwa Pembetatu ya Matumbawe. Matawi yake makuu yaligawanyika karibu miaka milioni tano iliyopita, na spishi nyingi zimetokea baada ya hapo, wakati kina cha bahari kilipokuwa kikipanda na kushuka kwa kufuata vipindi vya barafu. Maji yaliposhuka, mabonde ya bahari yalitengana, na makundi ya samaki yaliyoachana yakabadilika kila moja kivyake. Kwa kipimo cha miamba huo ni muda mfupi, ndiyo maana rangi za madume zimetangulia kubadilika huku umbo la mwili likiwa bado ni lile lile.

Uchunguzi huo ulileta pia tukio dogo la kuchekesha. Mwaka 1983 Gerald Allen alikuwa amemweleza samaki wa Rowley Shoals, kaskazini magharibi mwa Australia, asiye na mapezi ya tumboni. Kwa upungufu huo alionekana wa ajabu kiasi cha kupewa jenasi yake peke yake, Conniella, yenye spishi moja tu. Vinasaba vilimweka katikati ya Cirrhilabrus. Alikuwa mmoja wao aliyepoteza mapezi.

Jina na mgao

Kwa mfanyabiashara wa samaki wa mapambo, yote haya yanaweza kuonekana kuwa ugomvi wa wasomi. Kwa mamlaka za uvuvi sivyo. Maldives huidhibiti biashara hiyo kwa makundi: wapo samaki waliopigwa marufuku kusafirishwa, wapo waliowekewa mgao kwa spishi moja moja, na wapo wanaohesabiwa kwa jumla. Mgao wa spishi hauwezi kutekelezwa kwa samaki asiye na jina, na afisa wa forodha anayesoma karatasi yenye jina la samaki wa Chagos hana namna ya kujua kwamba ndani ya mfuko yumo samaki mwingine. Kenya nayo ina wavuvi wa samaki hai wa mapambo katika pwani yake, na miongoni mwa wanaovuliwa wamo Cirrhilabrus. Takwimu zilizoandikwa chini ya jina rubriventralis haziwezi kusomwa leo bila ya kuulizwa kwanza zilitoka wapi.

Upo upande wa pili wa hoja, nao ni wa kweli. Jina jipya huongeza pia hamu ya wanunuzi. Samaki aliyeandikwa katika magazeti ya dunia hutafutwa zaidi, na wapo watafiti wanaojiuliza kama ni busara kutaja kwa usahihi mahali alipopatikana. Finifenmaa mwenyewe bado ni wengi katika miamba yake, na kukaa kwake kina kirefu humkinga kwa kiasi.

Kinga hiyo hata hivyo ina mipaka. Joto la bahari la mwaka 1998 liliua sehemu kubwa ya matumbawe ya maji mafupi kutoka Kenya hadi Maldives, na tangu hapo ilitumainiwa kwamba miamba ya chini ingekuwa kimbilio. Mwezi Novemba mwaka 2019, vifaa vilivyoshushwa baharini na watafiti wa Chuo Kikuu cha Plymouth huko Chagos vilileta picha za matumbawe yaliyopauka kwenye kina cha takriban mita 90, wakati ambapo yale ya juu hayakuwa na dalili yoyote. Maji ya joto yalikuwa yamesukumwa chini kuliko kawaida. Mita 90 ni chini zaidi ya kina ambacho finifenmaa amewahi kuripotiwa, na Chagos ndiko alikotoka yule kijana mmoja wa mwaka 1983 mwenye magamba mekundu.